Barua Isiyo na Tusi

Migombani, Usinge
2 Septemba 2024

Plasidi,

Nani alikufundisha kumjibu bibi yako kwa kinywa cha mtu mwingine? Bertila karudi toka Tabora na ndoo zake tupu za asali, kasimama uani kwangu, majirani wamekaa wanapukuchua mahindi, anatangaza: "Mjukuu wako anasema ile pikipiki haifai, iuzwe chuma chakavu." Mbele ya majirani! Mimi niliyekufuta kamasi! Kama una neno nami, kalamu unayo, karatasi unayo, na shule umekwenda miaka kumi na moja. Mimi nilipata kisomo cha watu wazima, miezi tisa tu, kule Ulyankulu, mama yako mgongoni analia, na barua zangu zinasomeka mpaka ofisi ya kata.

Sasa nisikilize. Pikipiki hiyo sikuiokota. Nimemtoa mtamba wangu mwekundu, yule mwenye baka jeupe pajani, nikampa Egidi wa Nguruka, naye akanipa pikipiki. Najua ina kutu. Nina macho. Lakini wewe si fundi? Au miaka sita hapo gereji ulikuwa unafagia? Nimeipakia kwenye treni ikufikie, unaitazama unasema haifai. Fundi gani anataka kuletewa nzima?

Mama yako hana vidonda vya tumbo kama alivyokwambia. Ana uvimbe, na unatoa damu. Mwezi wa saba tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, hatujafika nusu ya njia damu ikawa inapita kwenye godoro, tukarudi. Benjamini wa bodaboda alimbeba mara moja, Jeska akazimia mgongoni kwake. Tangu hapo Benjamini na wenzake wananiambia, "Bibi, akifia kwenye kiti changu, kesi ni yangu." Gari halifiki tangu daraja la magogo livunjike. Machela? Ya kubebwa na nani? Wenye mabega wote wameenda machimboni, kijiji kimebaki na vikongwe na mbuzi.

Madaktari wa upasuaji wanakuja Kaliua kwa siku tano tu, tarehe 21 mpaka 25 Oktoba. Jina la Jeska limeandikwa. Muuguzi aliyekuja kumpima nyumbani alinivuta pembeni akaniambia, wakija tena mwakani huyu hatakuwepo. Ndiyo maana nimenunua pikipiki. Utakuja nayo, utamweka mama yako nyuma yako, mimi nitakaa nyuma yake nimshike kiuno, mishikaki hivyohivyo mpaka stesheni ya Usinge, tupande treni. Kwa mwendo wa pikipiki ni saa moja na nusu. Hiyo saa moja na nusu ndiyo naitafuta.

Simu usihangaike nayo. Mnara umekufa tangu walipoiba betri zake mwezi wa tano.

Na usinifanyie ulivyofanya kwa baba yako. Nilikuandikia "Baba yako anaumwa kidogo, njoo," wewe ukamalizia kwanza pikipiki ya mteja, ukafika siku ya nne na machungwa ya mgonjwa kwenye mfuko. Machungwa! Udongo wa kaburi umeshapasuka kwa jua. Nilikwambia mbele ya watu wote na leo narudia: kwetu msiba hauandikwi. Mtu mwenye akili akisoma "anaumwa kidogo" anajua mtu amekwisha, anashika njia na sanda mkononi. Sijui wewe akili uliiacha kwa nani.

Fufua pikipiki hiyo.

Mimi bibi yako,
Eustadia Ntakirutimana


Tabora
9 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kama vile uko mbele yangu. Nisamehe kwa maneno niliyompa Bertila. Alinikuta mikono imejaa oili, treni yake inaondoka, nikasema lililokuja mdomoni.

Habari ya uvimbe sikuijua. Mama mwenyewe aliniambia ni vidonda na vinapungua. Sasa najua, na sitasema tena haifai.

Nimeifungua yote. Mzee Fikiri, mwenye gereji, aliizunguka mara mbili akasema, "Plasidi, hii si pikipiki, hii ni kitoweo. Chumvi imeshakolea, bado ndimu." Wenzangu wanaiita Ng'onda, kama samaki mkavu. Wananiuliza kila asubuhi, "Ng'onda ameamkaje?"

Kweli imeliwa, bibi. Nilipovua kiti nilikuta chumvi imeganda kwenye pembe za fremu kama magadi. Egidi alikuwa anabeba magunia ya chumvi kutoka Uvinza, mvua inanyesha, maji ya chumvi yanashuka kwenye vyuma, na sidhani kama aliwahi kuiosha. Spoku zinakatika kwa vidole. Cheni imekuwa fimbo, ukiishika upande mmoja inabaki imenyooka. Bolti ya mkono wa gurudumu la nyuma imeshikana na bushi zake, tumeigonga siku mbili kwa nyundo na dizeli, haijasogea hata unywele. Ndani ya tangi kutu imeganda kama ukoko wa ugali.

Ila injini ni nzima. Imechoka, si mfu. Ringi mpya nitapata, silinda naipeleka ikachongwe. Rimu na shokapu nitavua kwenye pikipiki iliyogongwa ambayo mzee Fikiri amenipa kwa kumfanyia kazi Jumapili. Mchana nafanya za wateja, jioni naifanya hii.

Mwambie mama asinifiche tena kitu.

Mjukuu wako,
Plasidi


Migombani, Usinge
16 Septemba 2024

Plasidi,

Unaniandikia bushi na spoku kama vile mimi ndiye nitakayezifunga. Niambie siku. Siku ndiyo nataka.

Egidi niliwahi kumuuliza kabla ya kutoa ng'ombe: ilikuwa inabeba nini? Akasema "bidhaa". Mimi nikaona aibu kuuliza bidhaa gani, nisionekane mshamba. Basi nimeliwa. Chumvi ya Uvinza imepita njia hii tangu enzi za wapagazi, ikala migongo ya watu. Walipokwisha wapagazi imeanza kula vyuma. Mwache Egidi, mtamba wangu ameshazaa kwake, najua.

Mama yako yupo. Anakula uji, anachagua maharage, anajifanya hana kitu. Akisimama anashika ukuta kwanza. Nikimuuliza ananiambia, "Nautazama tu, mama, usije ukaanguka." Kichwa kigumu, sijui alikitoa wapi.

Barua zako namsomea kwa sauti, na zangu anataka nimsomee kabla sijazifunga. Jana kaniambia, "Mama, unamwandikia mwanangu kama unafukuza mbwa." Nikamwambia, mbwa akifukuzwa anakwenda, tatizo liko wapi? Akacheka mpaka akashika tumbo. Sikupenda alivyolishika.

Mwaka sabini na mbili nilivuka mpaka kutoka Burundi nikiwa na huyu Jeska mgongoni, ana miezi minne, na sufuria kichwani. Nilitembea siku kumi na moja. Hakuna aliyeniambia akifia mgongoni kwako ni kesi. Leo mgongo huu hauwezi kubeba hata kuni, ndiyo maana nauliza siku. Usifikiri napenda kuuliza.

Na hiyo kazi ya Jumapili umwombe Padre ruhusa, usiniletee laana juu ya chumvi.

Bibi yako,
Eustadia


Tabora
27 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Siku ni hii: Ijumaa tarehe 11 Oktoba naipakia kwenye behewa la mizigo, tarehe 12 niko kwenu. Tutakuwa na wiki nzima mama apumzike kabla ya safari.

Bolti imetoka! Tuliipasha moto mpaka ikawa nyekundu kama kaa, tukaimwagia oili iliyotumika, ikalia kama mtoto, ikatoka. Gereji nzima walipiga makofi. Tangi nimelijaza maji makali ya ukwaju na kokoto za mtoni, tukalitikisa kwa zamu siku tatu. Maji yalitoka mekundu kama mchuzi, ya pili ya kahawia, ya tatu meupe. Ukichungulia sasa unaona chuma. Mzee Fikiri alichungulia akasema, "Hata mimi mke wangu angenichemshia ukwaju huo ningerudi ujana."

Fremu nimeipiga brashi ya waya na msasa, nimepaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, juu yake nyeusi. Inang'aa, huwezi kujua. Rimu zimekaa, spoku zote mpya, nimezikaza mojamoja mpaka gurudumu likaacha kuyumba. Jana imewaka kwa kiki ya tatu. Imetoa moshi mweupe kidogo kisha ikatulia.

Nimemtengenezea mama egemeo. Nimekunja bomba, nimechomelea nyuma ya kiti, nikalishona sponji na ngozi ya kochi. Hata akizimia hataanguka, utamshika wewe, nawe utashikwa na egemeo.

Mwambie Ng'onda amefufuka.

Mjukuu wako,
Plasidi


Migombani, Usinge
4 Oktoba 2024

Mjukuu wangu mpendwa Plasidi,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini hujambo, wewe na mzee Fikiri na wote mnaofanya nao kazi. Sisi huku tunamshukuru Mungu.

Mama yako anaumwa kidogo. Ukiweza njoo mapema, usingoje ile tarehe. Usiwe na wasiwasi njiani, na usijichoshe. Umefanya kazi nzuri. Mungu aibariki mikono yako.

Bertila hayupo, kwa hiyo barua hii nampa mfanyakazi mmoja wa treni, ameahidi kuifikisha.

Bibi yako akupendaye,
Eustadia


Tabora
8 Oktoba 2024

Bibi yangu,

Pole. Pole sana. Nimeelewa. Safari hii nimeelewa bila kuambiwa mara mbili.

Barua ilipofika nilikuwa nafunga taa ya mbele. Nilisoma mstari wa kwanza, "mjukuu wangu mpendwa," nikaiweka taa chini. Maisha yangu yote hujawahi kuniita hivyo. Nilisoma mpaka mwisho nikitafuta hata tusi moja. Hakuna. Hukuniita mjinga, hukuuliza siku. Nikajua mama hayupo. Nilijaribu kumpigia Bertila, simu yake haipatikani, nikasema basi naye yuko huko kwenu msibani.

Kwa baba nilikuja na machungwa. Kwa mama siwezi. Nimekwenda kwa Mathias, seremala wa hapa jirani na gereji. Alikuwa na jeneza la mninga, alilichonga kwa ajili ya tajiri mmoja ambaye ndugu zake walibadilisha mawazo. Nilimwambia sina kitu ila pikipiki. Alikuja, akaizunguka, akaiwasha, akaiendesha mpaka barabara kuu na kurudi. Akasema ni kazi safi. Amenipa jeneza, sanda, na gari dogo la kutufikisha mpaka daraja la magogo lililovunjika. Kutoka hapo tutatafuta mkokoteni. Wenzangu wanane wa gereji wanakuja nami, mzee Fikiri amefunga gereji kwa heshima ya mama.

Pikipiki ningeibakiza ya nini, bibi? Niliifufua kwa ajili ya mtu mmoja.

Nakuomba kitu kimoja: najua siku zinapita, lakini msizike kabla sijafika. Tutafika Ijumaa mchana. Nimwone uso.

Nampa barua hii mtu wa treni itangulie.

Plasidi


Migombani, Usinge
14 Oktoba 2024

Plasidi,

Barua yako ya kututangulia imefika leo. Jeneza lilifika Ijumaa. Soma tena mistari hiyo miwili, uone jinsi Mungu anavyotucheka.

Nakuandikia kwa sababu asubuhi ya Jumamosi nilikuta mkeka wako mtupu. Majirani wanasema umekimbia aibu. Nimewajibu umekwenda kuifuata pikipiki. Kama nimekutetea kwa uongo, utanijibia siku ya hukumu.

Wewe ulitembea nyuma ya mkokoteni umeinamisha kichwa, hukuona mwanzo wake. Acha nikwambie. Wanawake wa kule bondeni waliona jeneza linapanda na watu wanane wanaimba wimbo wa wafu, wakapiga yowe. Mama yako alikuwa kakaa kwenye mkeka anachagua maharage. Kainua kichwa: "Nani amekufa jamani?" Hakuna anayejua. Basi kasimama, kashika ukuta kama kawaida yake, kafunga kanga yake kiunoni aende kulia na wenzake. Mgonjwa yule! Anasema msiba wa watu haukaliwi. Ndipo mkokoteni ukakata kona, ukaingia kwetu.

Mengine uliyaona. Ulivyopiga magoti ukamshika miguu, ukawa unasema "mama, mama," kama umefundishwa neno hilo siku ileile. Wenzako walivyotupa kamba wakatimua mbio, watu wazima wanane, kofia zinadondoka. Na yeye alivyoweka mkono juu ya ule ubao akaupapasa. "Mninga! Mwanangu amenipenda kweli. Mimi nimelala kitanda cha kamba maisha yangu yote." Watu wakacheka. Wewe hukucheka, wala mimi.

Sasa utaniuliza kwa nini niliandika vile. Jeska alishinda vibaya siku tatu mfululizo. Siku ya nne akanishika mkono: "Mama, mwandikie mwanangu barua moja bila kumtukana. Moja tu, niisikie." Nilikaa na karatasi ile kutwa nzima. Nilitaka uje haraka, lakini usije ukikimbia ukapinduka na hiyo Ng'onda yako, kwa hiyo nikaandika "kidogo". Nikaandika "mpendwa". Nikamsomea, akasema ni nzuri, akalala.

Sikuona. Mimi niliyekupigia kelele mbele ya watu sikuona. Maneno ya upole niliyonayo ni ya msiba tu, Plasidi. Sikuwahi kuyatumia mahali pengine, sikujua yananuka.

Jeneza nimelisukuma ghalani nikalifunika magunia. Nilitaka lirudishwe, hakuna anayeligusa. Wanasema lililoingia uani halitoki tupu. Benjamini nimemfuata mpaka kwake, nimemwahidi mbuzi, ananijibu mlangoni: "Bibi, mtu ambaye sanduku lake limeshafika, mimi nampeleka wapi?" Mama yako amesikia maneno hayo. Tangu jana uji anaugusa kwa mdomo tu, anaurudisha.

Zimebaki siku saba mpaka madaktari waje. Kalie mlango wa huyo Mathias. Mwambie mama yako yu hai. Chukua pikipiki uje.

Eustadia


Tabora
18 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo. Sikukimbia. Ulisema kweli, nilirudi kuifuata. Nilitembea mpaka Usinge bila kuaga kwa sababu sikuweza kumtazama mama akiamka.

Mathias hana pikipiki. Siku ileile aliyoipata aliipeleka Choma, kule Igunga, kwa mkwe wake, mume wa binti yake Najiat. Nilimweleza yote ya mama. Alishika kichwa akasema, "Ningejua, ningekupa jeneza bure." Lakini mkwe ameshaanza nayo kazi, na kwa simu amekataa. Anasema hakumtuma mtu kuzika aliye hai. Kesho naenda Choma mwenyewe nikapige magoti.

Niliomba pikipiki ya mteja kwa siku tatu tu. Mzee Fikiri alinijibu mbele ya wote: "Wewe uliyeuza ya mama yako, ya mteja itakushinda?" Wale wanane hawanisemeshi. Wamejiosha kwa maji ya mwarobaini.

Kuna jambo jingine, bibi, sijamwambia mtu. Shingo ya fremu, pale mbele inaposhikia usukani, ilikuwa imeoza kabisa. Chumvi iliingia ndani ya bomba ikala kutoka ndani. Nilipoipiga msasa, kidole kilipenya. Fremu nyingine sikuipata, na siku zilikuwa zinakwisha, nawe unauliza siku. Nikachomelea kipande cha bati juu, nikajaza, nikapaka rangi. Nilijiambia kwa safari moja itashika, nitakwenda polepole, nikimfikisha mama Kaliua ndipo nitafute fremu nzima. Nilikuandikia inang'aa, huwezi kujua. Ni kweli. Mathias hakujua.

Nami sikumwambia. Ningemwambia, asingenipa jeneza.

Mkwe wake anabeba watoto wa shule asubuhi, watatu watatu, na siku za mnada anabeba mbuzi. Kwa mzigo huo haitafika Krismasi, itakatikia kwenye mwendo. Nikiwaza hilo, kisha nikiwaza mama, nabaki nimekaa na spana mkononi sijui naifungia nini.

Nikiipata Jumatatu, Jumatano niko kwenu. Mwambie mama anisubiri. Mwambie ale uji.

Plasidi


Migombani, Usinge
27 Oktoba 2024

Plasidi,

Mama yako amekufa.

Nimeandika amekufa. Jumatano tarehe 23, jua likiwa utosini. Hakuna neno jingine lililokaa nyuma ya hili, usilitafute. Barua hii Bertila anakuja nayo mwenyewe, umwangalie usoni uone.

Jumatatu madaktari walipofika Kaliua nilifunga ng'ombe kwa mikono yangu. Nikatandika magodoro mawili kwenye mkokoteni, nikaweka maji, nikaweka kadi yake ya hospitali kifuani kwangu. Nikamwambia inuka. Akasema, "Mama, nitapanda humo nikiwa hai na kurudishwa humo nikiwa maiti. Niache nilale kwetu." Nikamtukana. Nilimtukana matusi yote niliyonayo, ya Kirundi na ya Kiswahili, mpaka majirani wakaziba masikio ya wajukuu wao. Yeye akawa ananitazama, akatabasamu: "Sasa ndiyo wewe." Ng'ombe walisimama na nira shingoni mpaka jioni. Nikawafungua.

Jumanne alikuuliza. Nikamwambia yuko njiani. Jumatano hakuuliza.

Tumemzika Alhamisi. Sikukungoja, sikujua uko Choma au uko wapi, na joto la mwezi huu unalijua. Katekista ndiye aliyesoma. Jeneza walilitoa ghalani walewale waliokataa kuligusa. Sasa likawa halina tabu tena. Wanasifu mbao. Wanasema, "Bibi, huyu mjukuu wako aliona mbali." Nilimrushia mmoja wao fimbo, nikamkosa.

Tangu siku hiyo natafuta mtu wa kumtukana. Nimeanza na Egidi, lakini Egidi aliuza kitu chake akanyamaza, kila mtu anafanya hivyo. Benjamini ana watoto. Wewe ulifanya nilichokufundisha, tena kwa haraka, kama nilivyotaka. Nimezunguka, nimezunguka, nimemkuta Eustadia amekaa peke yake jikoni. Nimefungua mdomo, hamna kitu. Uji wake bado uko kwenye bakuli, umeota ngozi juu. Sijaumwaga. Sijui naungojea nini.

Usiniandikie pole. Usiniandikie kwamba Mungu ndiye aliyepanga, nimeyasikia ya kutosha wiki hii, na walioyasema wamekula wali wangu.

Sasa hilo la shingo ya fremu. Nimelisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama. Wewe ulijua chuma kimeoza, ukampa mtu, akampa mkwewe, na sasa watoto wa watu wanapandishwa juu yake kila asubuhi. Mama yako hatapanda tena chochote, kwa hiyo udhuru wake umekwisha. Usiniambie una majonzi. Majonzi hayashiki usukani. Huyo Najiat simjui, lakini siku moja atasimama mlangoni anatazama barabara, na atakayeletewa hatakuwa "anaumwa kidogo".

Kama uko Tabora, ondoka leo. Kama uko Choma, nyanyuka hapo ulipokaa. Nenda kwa huyo mkwe, umzuie asiiwashe, umwambie kwa mdomo wako, mbele ya mkewe, kwa maneno ya wazi: shingo imeoza na mimi ndiye niliyeifunika kwa rangi. Akikupiga, pigwa. Kisha uikate shingo hiyo kwa msumeno, utafute fremu nzima, uifunge, uipande mwenyewe kwanza na mzigo wa magunia mawili mpaka mnadani na kurudi. Ikishika, mkabidhi.

Ukimaliza ndipo uje huku kaburini. Kabla ya hapo usije.

Eustadia Ntakirutimana